Kurasa Tisa

Mwezi wa tatu, Naryn, na theluji bado
imekalia madirisha ya maktaba kama mgeni asiyejua kuaga.
Mimi ndiye mshika saa.
Kazi yangu ni sekunde ishirini, kisha kunyamaza.

Shule namba Mbili wameketi karibu na jiko la makaa,
Shule namba Saba mlangoni, penye upepo.
Kura ndiyo iliyoamua, msinilaumu.
Watoto watatu kwa watatu, soksi za sufu, pua nyekundu,
na mbele ya kila timu njuga moja ya kondoo:
ajuaye aitikise.
Vitabu kumi na viwili wamevisoma tangu Novemba,
wakavigawana kama watu wanavyogawana kuni,
kila mtoto na mzigo wake.

Bi Sairakan anasoma maswali
kwa sauti ya mtu anayehesabu fedha za wenyewe.
Hapa ukishindwa hutoi mji.
Unatoa alama, na wapinzani wanaiokota.

Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Swali la mwisho:
"Yule farasi aliyekataa daraja,
mwishoni alivukaje mto?"

Njuga! Ni Begaiym wa namba Saba,
kaitikisa kabla ya neno "mto" kutua,
kisha akamgeukia Ulukman,
maana kitabu hicho ni fungu la Ulukman.

Ulukman akatazama dari.
Akatazama njuga.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Nilitamani kidole changu kife ganzi juu ya saa,
lakini saa ya serikali haina huruma.
Kumi na nane.

"Hakuvuka," akasema.
"Walimngoja mpaka mto ukaganda,
hata barafu akaikataa.
Basi mwenyewe akabomoa hema lake,
akalihamishia upande wa farasi.
Mkewe alinuna siku tatu."

"Tatu tu!" bibi mmoja akapasua kicheko benchi la nyuma,
na ukumbi mzima ukamfuata.
Bi Sairakan hakucheka. "Si sahihi.
Namba Mbili?"

"Alifungwa kitambaa machoni, akaongozwa.
Ukurasa wa tisini na saba."

Basi. Wakabeba kombe, bati lililopakwa rangi ya dhahabu.
Chai ikamiminwa, boorsoki zikapita kwenye sinia,
na Begaiym akala fungu lake na la Ulukman,
polepole, akimkazia macho.

Watu walipotawanyika kijana akaja kaunta
na kitabu kifuani, ndani ya koti.
Gamba limegandishwa kwa utepe. Nikafungua:
themanini na tisa, kisha ukingo uliotafunwa, kisha upepo.
"Alizaliwa usiku wa baridi kali," akanong'ona,
"baba akamleta ndani, karibu na jiko.
Nilikuwa nimekiacha sakafuni."
"Nani?"
"Mwanakondoo."

Wiki sita alikuwa ameficha pengo lile,
na kila usiku, akasema, alikuwa akilijaza kichwani,
mara farasi anakufa, mara daraja linaanguka,
hadi siku moja mwisho ule wa hema ukaja
ukakataa kutoka.

Bi Sairakan akahesabu kurasa: tisa.
Akaandika faini, som themanini, faini ni faini.
Kisha akavuta karatasi za daftari kutoka dawati lake,
akanoa penseli kwa kisu cha mkate.
"Nakala ni hii moja. Anayefuata kwenye orodha ni mtoto wa Jyrgal.
Siwezi kumpa kitabu kisicho na mwisho.
Kaa. Andika herufi kubwa."

Akaandika mpaka taa za barabarani zikawaka.
Mke wa mwenye farasi safari hii alinuna wiki mbili.
Nikapaka gundi mimi mwenyewe.

Mtoto wa Jyrgal alikirudisha kwa wakati,
hakusema lolote, akauliza kama kuna kingine.
Na mwaka huu, nikiandaa kadi za maswali,
nilikifikia kitabu kile, nikakaa nacho,
nikashindwa kuamua niulize nini.

Mwanakondoo, nasikia, aliuzwa vuli, kanenepa,
na kurasa tisa tumboni,
yeye pekee aliyemaliza kitabu nyumbani mle,
na hakuna aliyemtegea swali.